Saa ya kurithisha: mfikirie fundi atakayeifungua

*“Shikamoo mtaalamu. Nimekuwa nikiunganisha saa za mkono kwa kununua mashine, kasha na uso kutoka kwa watu tofauti, na kazi yangu imeanza kupendwa. Sasa nataka kubuni saa yangu mwenyewe, toleo dogo la saa hamsini, ambayo mtu atamwachia mwanawe na mwanawe amwachie mjukuu. Nimepanga hivi: nibuni mashine yangu badala ya kutumia ile inayotumiwa na kila mtu, iwe na vito vingi, kasha lichovywe dhahabu, kifuniko cha nyuma nikigandishe kwa gundi ili maji na vumbi visiingie kamwe, na iwe inang’aa gizani, maana nimepata akrabu na nyuso za kale zenye rangi hiyo. Mteja nitamshauri aiweke sandukuni na kuivaa siku za shughuli tu. Rafiki yangu ananiambia nisijisumbue, niweke mashine ya betri mambo yaishe. Nani kati yetu yuko sawa? Na je, niandike dhamana ya maisha?”*

Marahaba, na hongera kwa kufika hapo. Nikiusoma mpango wako naona hofu moja inayorudi kila mstari: unaogopa saa itachakaa, kwa hiyo unataka kuifunga isiguswe na kitu. Hapo ndipo tunapoachana. Saa isiyochakaa haipo. Zile zilizowafikia wajukuu ziliwafikia kwa sababu kila zilipochakaa alipatikana mtu wa kuzifungua, akabadilisha kilichokwisha, akazifunga tena. Kwa hiyo unayemtengenezea saa hii si mnunuzi peke yake. Yupo pia fundi usiyemjua, ambaye miaka arobaini ijayo ataiweka mezani na wewe hutakuwepo wa kuulizwa. Nitakujibu nikiwa na fundi huyo mawazoni, na nakuonya mapema kwamba karibu kila ulichopanga tutakigeuza.

Kwanza tuelewane juu ya kinachoendelea humo ndani. Mtu akitia saa ufunguo anaikaza kamani kuu, utepe wa chuma uliokunjwa ndani ya pipa dogo. Kamani hutaka kujikunjua, na nguvu yake hupita kwenye msururu wa magurudumu yenye meno hadi kwenye gurudumu la mwisho, ambalo limezuiwa na uma mdogo wenye vipande viwili vya yakuti. Juu ya uma huo kuna gurudumu la mizani, linaloyumba kwenda na kurudi kwa msaada wa kamani nyingine nyembamba sana, kamani ya unywele. Kila mizani inapoyumba huusogeza uma, uma huachia jino moja tu la gurudumu, na papo hapo mizani husukumwa kidogo isije ikazimika. Sauti ya saa unayoisikia ni uma ukigonga.

Mashine nyingi za leo hupiga mara 8 kwa sekunde, yaani 28,800 kwa saa. Kwa mwaka ni zaidi ya mapigo milioni 250. Mizani inayofanya kazi hiyo imesimama kwenye ncha mbili za chuma zenye unene wa karibu moja ya kumi ya milimita. Ajabu ni kwamba ncha hizo zinaweza kudumu miaka mingi mno, mradi zina mafuta safi. Balaa huanza mafuta yanapokauka, au yanapotambaa kwenda pasipohitajika. Vumbi la chuma huchanganyika na kilichobaki, na tone lililokuwa la kulainisha hugeuka msasa. Ekseli zinaanza kuliwa. Saa haisimami, inaendelea kutembea huku inajila yenyewe, na mwenyewe haoni kitu ila labda inachelewa dakika moja au mbili. Ndiyo maana mafundi husema ioshwe na kutiwa mafuta kila baada ya miaka mitano hadi kumi hivi, kutegemea mashine na mvaaji.

Kama unadhani hili ni tatizo la saa za bei rahisi, nenda kaangalie Greenwich, Uingereza. Huko zimehifadhiwa saa za majini za John Harrison, yule Mwingereza wa karne ya 18 aliyewasaidia mabaharia kujua walipo baharini. Zile tatu za mwanzo, ambazo ni mitambo mikubwa, alizibuni ziweze kwenda bila mafuta, na bado zinatembezwa. Ya nne, H4, aliyoimaliza mwaka 1759 na ndiyo iliyompa sifa, ina umbo la saa kubwa ya mfukoni na inahitaji mafuta. Hiyo imesimamishwa makusudi, kwa kuwa kuiendesha ni kuichakaza. Saa yako ya mkono ni ya ukoo wa H4. Itataka mafuta, na mafuta yanataka mkono wa mtu.

Sasa gundi. Naamini umeshapata jibu. Kifuniko kilichogandishwa hakizuii mafuta kuzeeka, kinamzuia fundi tu. Atakapolazimika kukifungua atakikwangua, atakipasha moto au atakipinda, na kasha litaharibika kabla hajaiona mashine. Isitoshe, maji hayaingilii nyuma peke yake. Yanaingia zaidi pembeni, kwenye kifundo cha kutilia ufunguo, kinachovutwa na kurudishwa mara kwa mara, na wakati mwingine ukingoni mwa kioo. Sehemu hizo zote hulindwa na gasketi, na gasketi ni mpira. Hukauka, hubonyea na kupoteza mnyumbuko hata kama saa haijavaliwa. Hata ile alama ya “mita 50” au “mita 100” ni matokeo ya kipimo kilichofanywa saa ikiwa mpya, kwa shinikizo tulivu. Viwango vya kimataifa, ISO 22810 kwa saa za kawaida na ISO 6425 kwa saa za wapiga mbizi, vinaeleza jinsi ya kupima. Hakuna kinachoahidi kwamba gasketi haitazeeka.

Unachotakiwa kufanya ni kinyume cha kugandisha. Kifuniko kiwe cha hesi, chenye mapengo sita ya kawaida yanayoingiliana na ufunguo ambao fundi yeyote anao. Usibuni nakshi yako ya mapengo kwa kutaka upekee. Gasketi zote ziwe za vipimo vinavyouzwa kwa pakiti. Na hapa nitang’ang’ania jambo moja ambalo wabunifu wapya wengi hulipita: mrija ambao kifundo hujifungia juu yake. Ukiuchonga mrija huo kama sehemu ya kasha lenyewe, hesi zikilika kasha zima limekufa. Uwe kipande cha peke yake, kilichofungwa kwa skrubu au kushindiliwa, ili uweze kung’olewa na kuwekwa mwingine. Mrija na kifundo ni vitu vidogo na huwezi kuvionyesha kwenye picha za mauzo, lakini ndivyo vinavyoamua kama kasha litafika kwa mjukuu.

Tuje kwenye mashine, maana hapo ndipo pesa na ndoto zako ziko. Kubuni mashine mpya ni kazi ya miaka, na hata ukifaulu utakuwa umemwachia mrithi fumbo. Siku gurudumu moja likivunjika, duniani patakuwa na saa hamsini tu zenye gurudumu hilo, zote mikononi mwa watu wasiotaka kuvunja zao. Mashine inayotumiwa na kila mtu, ile unayoiona haina hadhi, ndiyo ina vipuri kila mahali, vitabu vya maelekezo, na mafundi waliokwisha kuizoea hadi kwa vidole. ETA 2824, ya kampuni ya Uswisi iitwayo ETA, ni mfano mzuri: mashine ya kujijaza yenyewe mkono wa mvaaji unapotikisika, kipenyo chake milimita 25.6 na unene milimita 4.6. ETA ilipopunguza kuwauzia watu wa nje, kampuni nyingine ya Uswisi, Sellita, ilikuwa tayari na SW200, iliyofuata muundo uleule na kuingia kwenye makasha yaleyale. Muundo usiomtegemea mtengenezaji mmoja ndio urithi unaoutafuta.

Kama ni mimi ningechagua mashine ya kutiwa ufunguo kwa mkono, bila tarehe. Ile ETA 6498, ambayo asili yake ni mashine ya saa za mfukoni, ina vito 17, hupiga mara 18,000 au 21,600 kwa saa kutegemea toleo, na magurudumu yake ni makubwa kiasi kwamba hata fundi mwenye macho yaliyochoka anayaona. Kasoro yake ni upana: milimita 36.6 za mashine zinalazimisha kasha kubwa. Ukitaka saa ndogo na nyembamba, ETA 7001 ina unene wa milimita 2.5 tu, ila wembamba una gharama, kwani sehemu nyembamba huvumilia kidogo kosa la fundi. Mashine za Kijapani kama Seiko NH35 ni ngumu na za bei nafuu sana. Lakini kwa sababu ya unafuu huo mafundi wengi huitupa na kuweka nyingine nzima badala ya kuitengeneza. Hilo si baya kwa saa ya kila siku. Kwa saa ya kurithi ni suala la moyo: je, mrithi atajali kwamba mashine siyo ileile aliyoitia ufunguo babu yake? Wengine hawajali hata kidogo, na sina ugomvi nao.

Tarehe nimeiondoa kwa makusudi. Inaongeza vipande vinavyovunjika, na mtu asiyeelekezwa huisogeza kwa kifundo wakati mashine yenyewe imeshaanza kuibadilisha, kati ya saa tatu usiku na saa tisa usiku, yaani akrabu fupi ikiwa kati ya 9 na 3. Katika mashine nyingi hapo ndipo meno huumia. Tena saa inayotiwa ufunguo ikiachwa wiki moja, jambo la kwanza mtu analolazimika kufanya ni kuitafutia tarehe. Iache.

Vito visikusumbue. Kito mara nyingi ni kipande cha yakuti chenye shimo ambamo ncha ya ekseli huzunguka, kwa sababu yakuti ni ngumu, laini kwa mguso na hailiki kama shaba. Tangu Auguste Verneuil alipotangaza mwaka 1902 njia ya kuzalisha yakuti kwa moto, vito hivyo vinatengenezwa kiwandani na havina thamani ya kuuzia. Mashine ya kutiwa ufunguo inakamilika kwa vito 17. Ya kujijaza ina ekseli zaidi, kwa hiyo inafika 21 au 25. Vinavyozidi mahitaji ni pambo. Kuna wakati, miaka ya 1960, saa za vito 100 ziliuzwa kwa majigambo, na sehemu kubwa ya vito hivyo havikuwa vimebeba chochote.

Na rafiki yako wa betri? Usimcheke, ana hoja. Ndani ya saa ya betri kipande cha kwatsi hutetema mara 32,768 kwa sekunde, na sakiti huyagawanya matetemo hayo hadi kupata pigo moja kwa sekunde. Saa ya kimakanika ikipita vipimo vya kronomita vya Uswisi, yaani vya kuthibitisha usahihi wa saa, vya siku 15, bado inaruhusiwa kupoteza kwa wastani sekunde 4 au kuzidi sekunde 6 kwa siku. Saa ya kawaida ya betri hukosea hizo kwa wiki kadhaa. Sehemu zinazogongana ndani yake ni chache, kwa hiyo mchakao ni mdogo. Inakufa kwa njia nyingine: betri iliyosahaulika huvuja na kula sakiti, au sakiti yenyewe inazimika. Hapo ndipo tofauti inapotokea. Gurudumu la shaba fundi anaweza kulikereza mwenyewe akiwa na mashine ya kerezo na subira. Sakiti ya silikoni hakuna anayeitengeneza mezani. Kwa sababu hiyohiyo nakuonya juu ya mashine mpya za kimakanika zenye kamani au uma wa silikoni. Ni nzuri, hazishikwi na sumaku, lakini zikivunjika unategemea kiwanda kimoja kiwe bado kipo na kiwe tayari kukuuzia.

Kwa hiyo rafiki yako yuko sawa kwa mtu anayetaka saa sahihi isiyo na shida. Kwa anayetaka kurithisha, kuna njia ya katikati nisiyoidharau: saa ya betri yenye mashine ya kipimo cha kawaida ndani ya kasha zuri, kwa makubaliano kwamba mashine itabadilishwa na kasha ndilo litakalorithiwa. Mweleze mteja hivyo bila kumficha. Mimi bado ningeenda na ya ufunguo.

Kasha. Kuchovya dhahabu kuache kabisa. Tabaka la dhahabu hupimwa kwa maikroni, na masikio ya kasha, yaani pembe zinazoshika mkanda, na kingo zinazosugua mkono wa shati huanza kuonyesha chuma cha chini muda mrefu kabla ya mtoto kukua. Kama chini ni shaba, jasho litamalizia. Dhahabu halisi ya karati 18, yaani robo tatu dhahabu, haichubuki rangi, ila ni laini na matundu ya pini za mkanda hupanuka. Chuma cha pua cha 316L kinatosha kwa heshima zote. Kinapinga kutu kwa sababu ya kromi iliyomo na molibdeni kidogo, kinachongeka, kinaweza kuchomelewa na kung’arishwa upya. Titani ni nyepesi na haiwashi ngozi, lakini hesi za titani juu ya titani zina tabia ya kung’ang’aniana hadi kifuniko kisifunguke. Ukiitumia, hakikisha zimepakwa grisi kila mara au kifuniko kiwe cha metali nyingine.

Halafu fikiria msasa. Kila fundi atakayeipokea atashawishika kuing’arisha ili mteja aone kazi imefanyika, na kila akifanya hivyo metali inaondoka. Kingo kali hugeuka za mviringo, maandishi ya nyuma hufifia. Acha unene wa ziada kwenye masikio, panga nyuso za kasha ambazo fundi wa kawaida anaweza kuzirudishia mistari yake bila mtambo maalumu, na andiko la jina la familia lichongwe kwa kina, lisichorwe juujuu kwa leza. Masikio yawe na matundu yaliyopita upande hadi upande, pini zitolewe bila kukwaruza, na nafasi ya mkanda iwe milimita 18 au 20. Mkanda uliobuniwa uungane na kasha kwa umbo la pekee ni kifungo: siku mkanda umekatika na mtengenezaji hayupo, saa nzima huishia drooni.

Kioo kiwe cha yakuti samawi ya kutengenezwa, bapa, cha duara, cha kipenyo kinachouzwa. Yakuti hufikia 9 kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs, kwa hiyo haikwaruzwi na mambo mengi ya kila siku. Hata hivyo hupasuka ikigongwa vibaya, na vipande vyake vikiingia kwenye mashine ni mikwaruzo kila mahali. Plastiki ya akriliki hukwaruzwa na chochote lakini haipasuki vipande, na mikwaruzo yake hutoka kwa kusuguliwa kidogo. Zote mbili zinakubalika kwangu. Nisichokubali ni kioo cha umbo ulilolibuni wewe peke yako.

Hapa ninabadilisha sauti kidogo, tafadhali nisikilize. Hizo akrabu na nyuso za kale ulizopata usizikwangue, usizipulize, usizifungue mezani unapolia chakula. Tangu miongo ya kwanza ya karne ya 20 hadi miaka ya 1960 rangi nyingi za kung’aa gizani zilikuwa na radiamu, metali yenye mnururisho ambayo nusu yake huchukua miaka takriban 1,600 kupungua. Kwamba haing’ai tena si dalili ya usalama: kilichochoka ni unga unaotoa mwanga, radiamu bado ipo. Hatari kubwa ni kuvuta vumbi lake au kulimeza. Marekani wasichana waliopaka nyuso za saa viwandani, wakichongoa brashi kwa midomo, waliugua mifupa na taya na wengine wakafa katika miaka ya 1920. Ziweke kwenye mfuko uliofungwa, nawa mikono, na wapelekee wenye kipimo cha mnururisho wazipime. Ofisi ya serikali inayosimamia mionzi itakuelekeza pa kuzipeleka. Zikiwa na radiamu usizitie kwenye saa utakayomuuzia mtu.

Kama lazima ing’ae, tumia rangi za kisasa za aluminati ya stronti, ambazo hunywa mwanga na kuutoa, hazina mnururisho. Vimirija vya gesi ya triti navyo huuzwa, na vinapendeza, lakini nusu ya triti hupotea kwa miaka 12.3. Baada ya miaka 25 kitakuwa kimebaki kama robo. Binafsi ningeacha kung’aa kote na kuweka akrabu za chuma zilizopashwa moto hadi zikawa buluu, kwenye karibu nyuzi 300 za Selsiasi. Buluu hiyo ni ngozi nyembamba ya chuma chenyewe, haififii kwa jua kama rangi ya kupakwa. Adui yake ni unyevu, na hilo linaturudisha kwenye gasketi. Uso wa enameli, uliochomwa tanuruni, nao haubadiliki rangi. Ila ukianguka unameguka na hakuna kiraka kisichoonekana.

Ubuni wenyewe nitausema kwa ufupi, kwa kuwa ladha ni yako. Hujui mrithi atakuwa na mkono wa namna gani, wala kama atakuwa mwanamume au mwanamke. Kasha la milimita 36 hadi 38 linakaa kwenye mikono mingi bila kuonekana la kuazima, na hilo ni jambo lingine linaloipinga 6498 niliyoisifu juu, itabidi uchague. Tazama pia urefu kutoka sikio hadi sikio, kwa sababu ndio unaoamua kama masikio yataning’inia nje ya mkono, kuliko hata kipenyo. Alama za saa zilizoshikwa kwa vijiti vinavyopenya uso ni salama kuliko zilizobandikwa kwa gundi. Ya gundi ikidondoka inakwenda kuzuia akrabu. Na jina lako liandike dogo.

Kuhusu sanduku: saa inayovaliwa huonwa, na inayoonwa hutengenezwa mapema. Iliyofungiwa miaka kumi hutolewa siku ya shughuli, hutiwa ufunguo na kuanza kujisaga kwa mafuta yaliyokwisha. Mafuta ya kisasa hayagandi upesi kama yale ya wanyama yaliyotumika zamani, lakini hayabaki mapya. Mwambie mteja aivae. Akiiweka, iwe mahali pakavu, mbali na sumaku za spika, simu na vibanio vya mikoba, kwa kuwa sumaku huzifanya duara za kamani ya unywele zishikane na saa kukimbia ovyo. Hilo likitokea asihangaike, fundi huliondoa kwa dakika chache.

Pamoja na saa toa karatasi. Karatasi halisi, maana tovuti yako huenda isiwepo: aina ya mashine, vipimo vya kila gasketi, kipenyo na unene wa kioo, upana wa mkanda, aina ya chuma cha kasha. Aina ya mashine ichonge pia ndani ya kifuniko, na uache eneo tupu hapohapo, kwani mafundi wana desturi ya kale ya kukwaruza humo alama na tarehe ya kila tengenezo. Kwa saa hamsini ningenunua mashine tano au sita za ziada pamoja na vioo, vifundo na mirija ya akiba, nikazihifadhi.

Kuna mambo ambayo jibu la maandishi halitakusaidia. Kama hujawahi kuosha mashine yote, kuitia mafuta na kuisoma kwenye kipimo cha mapigo, nenda ukae chini ya fundi aliyefunzwa kabla hujauza hata moja. Kuunganisha ni sehemu ndogo ya kazi, na mafuta yanayozidi yana madhara sawa na yanayopungua. Kasha la kwanza mpelekee mwenye mtambo wa kupima shinikizo, apime kwa hewa kavu kabla ya kulizamisha. Mchonga makasha aone michoro yako kabla hujalipia hamsini. Tengeneza mbili tatu kwanza, vaa mwenyewe moja mwaka mzima, kisha umpe fundi asiyekujua aifungue wewe ukiwa umekaa pembeni kimya. Kila atakaposita au kutafuta kifaa asichonacho, andika. Hapo ndipo pa kurekebisha.

Dhamana ya maisha usiandike. Haisemi ni maisha ya nani, na gasketi hazitaisoma. Andika kwamba mashine itatengenezwa bure kwa miaka miwili au mitano kama uwezo wako unavyoruhusu, kwamba gasketi zibadilishwe kila saa inapofunguliwa na kinga ya maji ipimwe upya, na kwamba vipuri ulivyoweka akiba vitauzwa kwa fundi yeyote atakayeviomba, hata asiyekuwa wako.